Imondo ya Saa Nane

Kwa ile hoteli hukuwa unaagiza chakula. Ulikuwa unaangaliwa uso.

Unaingia, unasalimia mulembe, unakaa kwa benchi, na Mama Hoteli anatoka jikoni na mwiko yake, ile ya kusongea ugali ya watu arobaini, anasimama mbele yako. Haongei. Anakuangalia macho, anakuangalia midomo, siku zingine anakushika kidevu anakugeuza kwa mwanga ya mlango kama mtu yuko soko ya ng'ombe. Halafu anapigia jikoni kelele.

"Huyu ni mboga ya mrenda!"

Ama, "Huyu amelala njaa, mpe supu kwanza, matumbo baadaye!"

Ama anakuinamia pole pole, "Wewe umegombana na mtu leo. Kunywa uji, tutaongea."

Na hiyo ndiyo utakula. Ukisema ati unataka kitu ingine, anakuuliza, "Kati ya mimi na wewe, nani amesimama na mwiko?" Watu wanacheka mpaka benchi inalia. Na kesho wanarudi! Hiyo ndiyo ilikuwa inanishangaza. Mtu anatoka kazini na pesa yake mfukoni, hoteli zimejaa mji mzima zenye atakula kitu anataka, lakini anakuja kwetu kuamuliwa kama mtoto. Nafikiri watu wanachokanga kuamua. Mimi mwenyewe siku hizi nikisimama mbele ya sufuria sijui nipike nini, natamani mtu atokee na mwiko anishike kidevu.

Ilikuwa hapa Kakamega, upande wa soko, kabla hujashuka kwenda Shirere. Miaka ya tisini, watoto wangu wawili wa mwisho wakiwa bado wanavaa kaptura za shule. Ukuta ilikuwa mbao, juu mabati, chini sementi yenye nilikuwa naosha mara mbili kwa siku na majani ya chai ili vumbi ilale. Meza tano. Kazi yangu ilikuwa kupeleka chakula. Mimi shule niliachia darasa la tatu, kuandika jina tu najua, lakini kichwa yangu ilikuwa inashika kama gundi. Meza ya mlango mrenda mbili, meza ya dirisha omena, ule mzee wa kofia anataka ukoko ya sufuria, yule mwalimu hapewi pilipili hata akilia. Yote naweka kwa kichwa na sikosi hata moja.

Lakini kwanza unaoshwa mikono. Na hukuwa unajiosha, hapana. Mama Hoteli alikuwa anakuja na birika ya maji moto na beseni, anakumwagilia yeye mwenyewe, na akimaliza anageuza vidole vyako anaangalia kucha.

"Hii udongo ni ya shamba gani?"

"Ya nyumbani, Mama."

"Rudisha nyumbani. Osha tena."

Alikuwa anawaambia wote hivyo. Wakata miwa, manesi wakitoka hospitali ya Mukumu, karani wa ofisi na tai yake. Mhubiri mmoja alikataa, akasema yeye ameosha tayari kanisani. Mama Hoteli akamwambia, "Huko umeoshwa roho, huku tunaosha mikono." Yule mhubiri akacheka, akatoa mikono.

Na ukibakisha obusuma, ugali yetu, kwa sahani! Ee! Hapo unaitwa kwa dirisha ya jikoni, unapewa mwiko ushike na mikono yote mbili, unaiomba msamaha. Hoteli nzima inanyamaza isikie. Nakumbuka mwanafunzi mmoja wa chuo cha Sigalagala, kijana mrefu na penseli imetokeza kwa nywele, alibakisha tonge kama ngumi. Akasimama pale akiwa na aibu mpaka masikio yanang'aa.

"Mwiko, nisamehe."

"Kwa nini?" Mama Hoteli anamuuliza kutoka ndani, akigeuza sauti yake nzito ati ndiyo mwiko inaongea.

"Umenisongea, na mimi nimekuaibisha."

"Utarudia?"

"Sitarudia."

"Nenda. Chukua tonge yako ukule ukitembea."

Alikula akitembea. Wenzake walikuwa wanamfuata nyuma wakimwimbia mpaka kona. Wiki ile ingine alikuja akabakisha tena, makusudi kabisa, na mimi nilimwona.

Sasa nifike kwa imondo, maana hiyo ndiyo inanifanya nianze kuongea haya yote.

Imondo ni firigisi ya kuku. Huku kwetu hiyo si nyama, ni kiti. Ni ya mwenye nyumba. Kuku akichinjwa, mapaja yanaweza kwenda huku na huku, lakini imondo inaenda kwa mwanaume, na kama kuna mgeni mkubwa inaenda kwa mgeni, na mwenye nyumba anaitazama ikienda. Nikiwa msichana mdogo nilikuwa nabeba bakuli ya baba yangu kutoka jikoni mpaka nyumba kubwa, na ile harufu inanipanda puani njia yote. Hiyo njia haikuwa ndefu, lakini mimi nilikuwa natembea pole pole kama nimebeba mayai. Baba alikuwa anaikata mbili na meno, nusu anampa kaka yangu. Mimi nilikuwa nasimama mlangoni na maji ya kunawa, nikiangalia taya zao. Mama yangu alisema msichana akila imondo atazaa watoto hawasikii. Shangazi yangu akasema hapana, atamea ndevu. Nyanya akasema ni mambo mawili yote.

Na haikuwa mchezo. Kulikuwa na bibi arusi kwa jirani, mgeni hata mwezi hajamaliza, alipikia wakwe kuku, wakaangalia bakuli wakakosa imondo. Wakasema amekula. Msichana alilia, akaapa, lakini walimrudisha kwao siku hiyo hiyo na sanduku yake kichwani. Kesho yake mama mkwe akiosha chungu anaikuta imeshikana chini, imeungua. Walienda kumrudisha, lakini kwao walikataa kumtoa mpaka baba mkwe aje mwenyewe akiwa amebeba ile imondo iliyoungua mkononi. Akaenda nayo. Watu wetu!

Mimi nilikuwa naitaka. Wacha niseme ukweli, sasa nani atanikemea. Nilikuwa naitaka kutoka nikiwa mtoto, nikaolewa bado naitaka, nikazaa watoto sita (ambao hawasikii, na sikuwa hata nimeila), bado naitaka. Si njaa. Nyama ya kuku nilikuwa nakula, hiyo mambo ya wanawake kukatazwa kuku ilikuwa imeisha siku nyingi. Nilitaka ile kitu yenye inabebwa na mikono miwili ikiletewa mimi.

Kwa hoteli, kila siku tulikuwa tunapika jogoo mmoja mkubwa wa kienyeji, na nyama yake ilikuwa inauzwa, lakini imondo haikuwa inauzwa kwa mtu yeyote. Hata mtu aweke mezani mshahara. Mimi ndiye nilikuwa naitengeneza asubuhi. Naipasua na kisu, natoa mchanga na mahindi, nabandua ile ngozi ya manjano, nasugua na chumvi. Ndani nimewahi kupata kifungo ya shati. Siku ingine shanga mbili, nyekundu na nyeupe. Halafu inaingia kwa sufuria na wenzake, na ikiiva Mama Hoteli anaitoa na kijiko anaiweka kwa sahani ndogo ya bati, anaifunika.

Saa nane, wakati ile mvua yetu ya Kakamega inaanza kubisha mabati na hakuna mtu anaweza kutoka, Mama Hoteli anagonga kifuniko cha sufuria na mwiko, mara tatu. Kijiko zote zinasimama. Mimi natoka jikoni na ile sahani, mikono miwili, natembea katikati ya meza. Pole pole. Watu wanapiga makofi wakifuata miguu yangu, pa, pa, pa. Na mimi sijui naenda wapi! Hapo ndipo utamu ulikuwa. Ni Mama Hoteli tu anajua, na amesimama pale mlango wa jikoni na mkono kiunoni, ananiangalia nikipita huyu, nikipita yule, shingo za wanaume zinanyooka, mtu anajifanya hajali na macho yanatoka. Mpaka anaita:

"Hapo!"

Nasimama. Mwenye niko mbele yake ndiye ameshinda. Anainuka, kwa sababu imondo yetu ilikuwa inaliwa mtu amesimama, anaiweka yote mdomoni mara moja, na makofi hayaachi mpaka ameze. Ikiwa ya jogoo mzee mnapiga makofi mpaka mikono inauma. Mzee mmoja hakuwa na meno ya pembeni, siku hiyo mvua iliisha ikatuacha bado tunapiga.

Alikuwa anachagua namna gani? Sikujua. Siku moja alimpa mkata miwa mwenye alikuwa amefunga mkono na kitambaa. Siku ingine mtu ng'ombe yake ilikuwa imekufa, na hakuwa amemwambia mtu. Siku ingine ule mwanafunzi wa penseli. Siku ingine mtu mwenye furaha tu, hana shida yoyote, amenunua baiskeli.

Lakini wote wanaume. Miaka minne nilibeba ile sahani, na hakuna siku ilisimama mbele ya mwanamke. Nesi mmoja alipaza sauti akauliza, "Na sisi, Mama, hatuna midomo?" Mama Hoteli akamwambia ngoja. Yule nesi akangoja mpaka akahamishwa.

Na mimi nilikuwa nanusa. Kutoka mlango wa jikoni mpaka "Hapo!" ilikuwa yangu. Hiyo harufu tu.

Sasa, mume wangu.

Alikuwa dereva wa trekta ya miwa. Alikuwa anaenda huko mashambani wiki tatu, wiki nne, anarudi nguo zimekauka na sukari. Hakuwa mtu mbaya, hata siku moja hakuninyooshea mkono. Lakini hii kazi ya hoteli hakuipenda. Alisema, "Mke wangu anainamia wanaume wa watu na sahani." Nikamwambia, "Sasa niwape nimewapa mgongo?" Hakucheka. Nilikataa kuacha, akakataa kukubali, mwisho tukaachia hapo. Mimi nitafanya, na yeye hatakanyaga. Miaka minne hakukanyaga. Akitoka kwa trekta kuja nyumbani alikuwa anapitia ng'ambo ya barabara, uso ameelekeza kwa duka la mbegu kama huko ndiko kuna jambo. Nilikuwa namwona kupitia dirisha. Nilikuwa najua kofia yake. Na kila mara akirudi nyumbani ananiambia, "Mwaka huu ukiisha, uache." Mwaka unaisha, tunaanza mwingine.

Ile siku mvua ilikuja na mawe. Si matone, ni mawe, ilikuwa inaruka kwa barabara kama mahindi kwa kikaango. Watu waliingia kwa hoteli kama kuku wamefukuzwa, na katikati yao, ameweka gunia kichwani, mume wangu. Nafikiri hata hakuona ameingia wapi. Alitoa gunia, akaangalia huku, akaangalia huku, akaniona nimesimama na sahani tatu kwa mkono.

Nyuma yake mlango umejaa watu, hawezi kutoka. Akakaa.

Mama Hoteli hakuwa amewahi kumwona. Akaja na birika yake.

"Leta mikono. Uwi! Hii ni mafuta ya nini?"

"Ya trekta."

"Trekta imekunywa ikabakisha? Osha tena." Akamwosha mara tatu, na mume wangu, mwanaume mwenye nyumbani naogopa kumwambia avue viatu mlangoni, anatoa mikono anageuza, anatoa anageuza. Halafu akashikwa kidevu. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya mlango wa jikoni nimeuma kitambaa.

"Huyu," Mama Hoteli akasema, "ni mrenda."

Mrenda! Mtu huyu hakuwa anagusa mrenda. Alikuwa anasema ni mboga yenye inakumeza kabla hujaimeza. Akasema, "Mama, mimi nataka nyama."

"Kati ya mimi na wewe, nani amesimama na mwiko?"

Watu wakacheka. Mimi ndiye nilimpelekea. Nikaiweka mbele yake na nikainama, kama vile nilikuwa nainamia wote, na yeye akaangalia nikiinama. Akaniuliza chini chini, "Hii ndiyo mnafanyanga huku?"

"Ndiyo hii, baba watoto. Kula."

Akala. Nilikuwa naenda na narudi, na kila nikipita naangalia sahani inapungua. Najua mtu wangu akila kwa hasira na akila kwa njaa, na hiyo haikuwa hasira.

Basi mwiko ikagonga kifuniko. Moja, mbili, tatu.

Nikachukua ile sahani ya bati. Nilikuwa naomba Mungu moyoni aseme "Hapo" nikiwa mbele ya mume wangu. Nilikuwa nimepanga yote haraka haraka. Akipewa imondo, akipigiwa makofi na watu wote hawa, ataona si mahali pa aibu, ataacha kuniambia mwaka ukiisha. Hata kama mimi nitabaki na harufu peke yake tena, kazi yangu itapona. Nikaanza kutembea. Pa, pa, pa. Mawe yanapiga juu, makofi yanapiga chini. Nikapita meza ya mlango. Nikapita meza ya dirisha. Nikafika kwake, nikapunguza mwendo. Nilipunguza mpaka ilikuwa kama kusimama, na watu wakaona, wakaanza kucheka. Aliangalia sahani, halafu akaangalia mimi.

Mama Hoteli hakuita.

Nikampita. Nilisikia joto ya uso wake kwa mkono yangu nikimpita. Nikapita meza ya nne, nikapita ya tano, sasa meza zimeisha. Mbele yangu ni ukuta ya mbao na kalenda. Nikafikiri labda leo amekosea, labda nigeuke.

"Hapo!"

Nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia. Hakuna mtu.

"Hapo wapi, Mama?"

"Hapo hapo umesimama."

"Lakini hapa hakuna mtu."

"Wewe ni kuku?"

Makofi yakakatika. Hata nafikiri mvua ilinyamaza, ingawa haikunyamaza. Yule mzee wa kofia ndiye aliinuka kwanza, ametoa ukoko mdomoni aongee vizuri.

"Mama Hoteli, unaharibu nchi! Imondo kwa mwanamke?"

"Mzee, huyu jogoo nani amemnyonyoa?"

"Huyo mama."

"Nani amempasua akamsafisha?"

"Huyo huyo."

"Nani amempika?"

"Wewe."

"Na wewe ulifanya nini?"

Mzee akafikiri. Alikuwa mtu wa haki. "Mimi nilikuja."

"Asante kwa kuja. Kaa."

Nikageuka nikaangalia mume wangu. Sikutaka kumwangalia, lakini shingo ilienda yenyewe. Alikuwa ameweka mikono juu ya meza, ile mikono imeoshwa mara tatu, safi kama ya karani, na hakuwa ananiangalia mimi. Alikuwa anaangalia sahani. Na mimi nilijua vile anaangalia, kwa sababu hivyo ndivyo nilikuwa naangalia taya za baba yangu.

Nilikuwa naweza kutembea hatua kumi nimpe. Watu wangepiga makofi sana. Wangesema, huyo ni mke. Na mwaka ule nisingeambiwa niache kazi, hiyo najua kabisa. Miguu ilikuwa imeanza hata kuelekea.

Lakini ilikuwa imeletwa kwangu. Kwa mikono miwili. Hata kama mikono ilikuwa ni yangu mwenyewe.

Nikaiweka mdomoni.

Yote, mara moja, nimesimama, nimegeukia watu. Nikatafuna. Hakuna makofi, niko peke yangu na sauti ya meno yangu. Ilikuwa ngumu, jogoo alikuwa mzee, nikatafuna upande huu, nikatafuna upande ule. Halafu Mama Hoteli akaanza na mwiko kwa kifuniko, pa, pa, pa, na manesi wawili kwa meza ya dirisha wakaanza, na mwanafunzi mmoja, na mwingine, na mwisho hata mzee wa kofia, anapiga huku anatikisa kichwa. Walipiga mpaka nikameza. Machozi yalikuwa yanashuka, na mtu mmoja akasema ni pilipili.

Mume wangu hakupiga. Mvua ilipopungua nikaangalia, benchi ni tupu. Sahani yake ilikuwa safi kama imelambwa.

Mambo ya ile hoteli yaliisha vile mambo yanaishanga. Mama Hoteli alianza kuumwa miguu, mwenye kiwanja akakitaka, mbao zikabomolewa asubuhi moja. Yeye akarudi kwao mashambani. Siku ya mwisho nilimuuliza kama alijua ni mume wangu alikuwa amekaa pale.

"Mume wako yupi?"

"Ule wa mrenda. Wa mafuta ya trekta."

Akakaa chini kwa gunia ya makaa akacheka mpaka akashika kifua. "Uwi, mtoto wangu! Mimi nilidhani ni mtu wa Lugari amepotea! Ningejua ni mkwe, ningempa paja."

"Sasa kwa nini ulichagua siku hiyo?"

"Nilikuwa nimechoka kukuona ukinusa."

Nikipita hapo siku hizi kuna duka la simu, kioo mbele, na msichana mzuri anakuuliza, "Nikusaidie na nini, kukhu?" kama mimi ni nyanya yake. Nasimama kidogo. Nataka kumwambia anishike kidevu.

Lakini ile jioni ya imondo, nikitoka kazini, nilikuwa na hofu. Nilijua nikifika nyumbani nitaambiwa niache, na safari hii nitakuwa sina la kusema. Mvua ilikuwa imekwisha, maji yanateremka kando ya barabara na majani. Nikafika mahali barabara inaanza kushuka Shirere, nikamkuta amesimama, gunia amekunja kwapani. Alikuwa ameningoja. Hakuwahi kuningoja barabarani tangu nimeolewa.

Hakunisalimia. Akaanza kutembea, nikafuata. Alikuwa na mguu ndefu, siku zote nilikuwa nakimbia kidogo nyuma yake. Tukapita kinu cha posho. Tukapita kanisa. Mimi nikawa nahesabu vile nitaomba: nitasema mpaka watoto wamalize shule, nitasema mpaka Krismasi. Tulipofika kwa kijito akasimama ili nivuke kwanza kwa mawe. Nikavuka. Nikamsikia nyuma yangu.

"Ilikuwa na chumvi?"

Nikageuka. Alikuwa katikati ya maji, mguu mmoja kwa jiwe hili, mguu mwingine kwa lile.

"Nini?"

"Ile. Ilikuwa na chumvi?"

"Ilikuwa nayo."

"Ilikuwa laini?"

"Hapana, baba watoto. Ilikuwa ngumu kama kiatu."

"Jogoo mzee."

"Mzee sana."

Akavuka. Akasimama karibu na mimi, anapangusa matope kwa nyasi. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na mimi nikafikiri, yarabi, sasa analia, nifanye nini na mwanaume analia barabarani. Kumbe ni kicheko. Alikuwa anacheka bila sauti, ameshika goti.

"Ulikuwa unatafuna," akasema, "kama ng'ombe amepata mfuko wa nailoni."

"Nyamaza!"

"Upande huu, upande ule..."

"Si nyamaza, watu wanapita!"

Alinionyesha na taya yake vile nilikuwa natafuna. Sikuwahi kumwona akifanya uso hivyo, hata kwa watoto. Nikampiga na kitambaa. Halafu akaacha kucheka, akaangalia mbele.

"Kesho nitakupatia koti yangu ya mvua. Hiyo njia ina mvua ya mawe siku hizi, usinyeshewe ukienda."

Akasema tu hivyo. Ukienda. Akaanza kutembea tena, lakini si mbele. Alitembea kando yangu, pole pole, akipima mguu yake na yangu, na hakunipita hata mahali njia ni nyembamba na majani yanamlowesha. Niliogopa nikifungua mdomo atakumbuka kwenda haraka. Nilikuwa nataka nyumba yetu ihame, ihame mbali kabisa mpaka Lugari, ili tuendelee kuifuata hivyo hivyo mpaka giza iingie. Lakini haikuwa mbali. Tulipanda kile kilima kidogo, na tayari ilikuwa mlango.